Redio Iliyozimwa Ndani ya Simu

Kazi yangu, kwa maneno machache, ni kuzima vitu. Kwenye kadi ya kazi imeandikwa kwa Kifaransa kirefu kwamba nasimamia majaribio ya vifaa katika kampuni ya simu, lakini mtu akiniuliza nafanya nini mjini na sina nguvu ya kueleza, namwambia nauza simu, yanaisha. Ukweli ni huu: kiwanda kilicho mbali kinatengeneza simu, na kabla simu hiyo haijamfikia mteja wa Bujumbura inapitia mezani kwangu, nami nahakikisha kwamba yale ambayo kampuni haikuyataka yamezimwa kweli.

Watu wengi wanadhani anayetengeneza simu ndiye mwenye simu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa kwenye kikao cha kwanza na kumwona mhandisi wa kiwanda, upande wa pili wa skrini, akiitikia kila tulichosema kama fundi cherehani mbele ya mama wa bibi harusi. Tunataka nembo yetu iwake kwanza simu inapowashwa. Sawa. Tunataka programu zetu ziwemo, na mteja asiweze kuzifuta. Sawa. Tunataka simu itoke mwezi tutakaoamua sisi, hata kama iko tayari leo. Sawa. Na mkirekebisha kasoro yoyote baadaye, msiitume kwa wateja mpaka sisi tuseme. Sawa, Madame. Anayenunua kwa wingi ndiye anayeamua, na mwenye kiwanda anabaki kushona.

Simu ninayoikumbuka hapa ilikamilika muda mrefu kabla hatujaizindua. Pacha wake, mwenye jina la kiwanda mgongoni, alikuwa tayari anauzwa kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, kaletwa na wafanyabiashara kwenye mizigo yao, ana nafasi mbili za laini na redio inayofanya kazi. Yetu ilikuwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo haikukubali laini nyingine isipokuwa ya kwetu. Hapa mjini kila mtu ana laini mbili au tatu, kwa sababu kupiga kutoka mtandao huu kwenda ule kunauma. Kampuni ililijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo sababu ikataka nafasi moja. Lakini iliiuza kwa bei ambayo hata wamama wa sokoni waliimudu, na kwa wengi wao ilikuwa simu ya kwanza ya kugusa. Nafuu ile ilikuwa ya kweli, sitaki kuisema vibaya.

Kuhusu laini sikubishana. Kuhusu redio nilibishana mpaka nikajichosha. Kifaa cha kunasa redio kilikuwa tayari ndani ya simu, kimeunganishwa na vifaa vingine, na mhandisi alieleza kwa upole kwamba kukiacha hakutaongeza gharama yoyote. Mkurugenzi wetu akasema makao makuu hayataki. Kampuni ilikuwa na programu yake ya muziki na redio za mtandaoni, na programu hiyo ilikula mega, yaani bando la intaneti. Mtu anayesikiliza redio ya hewani bure hanunui mega. Nikasema: wengine hawasikilizi muziki, wanasikiliza matangazo ya vifo. Mtu mmoja akauliza kama tunaweza kwenda kwenye suala la rangi ya kasha. Mwenye nguvu mpishe, nikampisha.

Sikubishana kwa ajili ya wateja wote, nisijipake sifa. Nilibishana kwa ajili ya shangazi yangu.

Ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Anakaa mtaa wa Kamenge, nyuma kidogo ya hospitali kubwa, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mlango wake haufungwi mchana. Yeye na baba walizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na mke wa pili wa babu. Mke wa kwanza alikuwa huku Burundi, kijijini mlimani upande wa Muramvya, na watoto wake. Babu alikwenda na kurudi kati ya nyumba hizo mbili, na alipochoka kusafiri akabaki mlimani.

Kwetu mtu akifa anatangazwa redioni. Msomaji anasoma jina la marehemu, siku na mahali pa maziko, halafu inaanza orodha: ajulishwe fulani aliye Kinanira, fulani aliye Gitega, fulani aliye ng'ambo Uvira, ndugu na marafiki wote popote walipo. Watu wazima wanasikiliza orodha ile kwa makini kuliko habari yoyote. Wanajua nani kafa, na wanajua pia nani ni wa nani. Siku babu alipotangazwa, shangazi alikuwa msichana, amekaa na majirani mbele ya redio ya mwenye nyumba, na tayari walikuwa wameanza kumpa pole. Orodha ikasomwa yote. Wakasomwa watoto wa mlimani, wakwe, wajukuu, hata mtu aliyewahi kulima shamba moja na babu. Jina la shangazi halikusomwa, wala la baba yangu. Jirani mmoja akainuka akaifunga ile redio kwa heshima, na kila mtu akakumbuka ana kazi kwake.

Katika watoto wa mlimani, mmoja tu alimtafuta baadaye: dada mkubwa. Huyo alimtumia maharage kila mavuno, akamwita mdogo wangu mbele za watu, na shangazi alipojifungua alishuka kutoka mlimani na mtungi wa pombe ya ndizi kuja kumwona mtoto. Sasa dada huyo alikuwa mzee na anaumwa. Shangazi naye alikuwa na neno moja, analisema bila kuficha:

«Siku dada atakwenda, mi nataka nisikie na masikio yangu. Watoto wake watanisoma ao hawatanisoma, nisikie mi mwenyewe.»

Watoto hao hawakuwa na namba yake, naye hakuwa na zao. Na hata wangekuwa nazo, kwa watu wa umri wake msiba haupigiwi simu. Unatangazwa, au mtu anakuja. Kwenda kuwauliza mapema kama watamsoma haiwezekani. Jambo kama hilo haliulizwi, unakufa nalo.

Simu yake ya zamani, ile ya vitufe, ilikuwa na redio na tochi, na hakuomba zaidi. Siku moja ikatumbukia kwenye sufuria ya maharage yanayochemka. Nikamnunulia redio ndogo ya betri. Nilipokwenda tena sikuiona. Alikuwa amempa mgonjwa aliyelazwa hospitali, mtu asiyemjua, kwa sababu alimkuta analala peke yake bila wa kumsemesha. Nilikasirika, na yeye akanikasirikia kwa kukasirika kwangu. Shangazi yangu hawezi kumiliki kitu kwa muda mrefu.

Basi kampuni ilipowapa wafanyakazi simu mpya, kila mmoja moja, yangu nilimpelekea yeye. Aliigeuza mkononi, akaitazama nembo yetu ikiwaka na kuzima.

«Iko nzuri,» akasema. «Na redio?»

Hapo ndipo nilipomfundisha tarakimu. Zilitoka kwa mhandisi mwenyewe. Nilikuwa nimemwandikia nikiuliza nitajuaje kwamba redio imezimwa kweli, naye akanitumia mfuatano wa nyota na namba ambao ukiupiga kama unampigia mtu unafungua ukurasa wa majaribio wa kiwandani. Mle wafanyakazi wa kiwanda wanapima taa, kioo, mlio, kamera, na redio. Kumbe haikuondolewa. Ilifungwa mlango wa mbele, ule wa uani ukabaki wazi. Aliandika kwamba ukurasa huo unaachwa katika kila simu kwa ajili ya mafundi, na kwamba wateja hawaujui. Sijui kama alinipa kwa sababu ya kazi au kwa sababu aliniona nilivyobishana. Kwenye ripoti niliandika kwamba mteja hataona redio mahali popote, na hilo lilikuwa sahihi.

Shangazi alizikariri tarakimu zile kwa kuziimba, kama namba za nyimbo za kanisani. Redio ilinasa vizuri pale tu alipochomeka waya wa masikioni, maana waya ndio antena, kwa hiyo kila jioni alikaa mlangoni na waya shingoni. Ukurasa ule haukuwa na kitufe cha kuzima. Chini ya skrini kulikuwa na viwili tu, cha kijani cha kusema kipimo kimefaulu na chekundu cha kusema kimeshindwa, kwa sababu aliyeutengeneza hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atakaa humo akisikiliza. Shangazi akajiwekea utaratibu wake. Matangazo yakiisha bila mtu wake kutajwa, anabonyeza kijani. Akitajwa mtu anayemjua, anabonyeza chekundu, kisha anatafuta kitenge cha kwendea kwenye kilio. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi aliponieleza, na yeye hakuona cha kuchekesha.

Waya una masikio mawili, na kwa shangazi moja linatosha. La pili alimpa jirani. Jirani naye alikuwa amenunua simu yetu. Baada ya muda mfupi wamama wote wa kwaya yao walikuwa na wimbo ule wa tarakimu, na jioni ukipita mtaani kwao unawaona wawili wawili milangoni, wameunganishwa na waya, wametulia, wanasikiliza nani amekufa. Nilipoona hivyo nikaiogopea kazi yangu. Nikamwambia, Masenge, kama tunavyomwita shangazi kwa Kirundi, hii ni siri.

«Siri ya redio?» akanijibu. «We mwana, redio njo inasemaka kwa watu wote.»

Ningejua kilichokuwa kinapikwa ningemfungia ndani. Kwetu ukitendewa wema mkubwa, haitoshi kusema asante mlangoni. Unajikusanya na wenzako, unabeba kitu, unakwenda kushukuru rasmi, na anayeshukuriwa anasikia sifa zake zikitajwa. Wamama wa kwaya walikaa wakaamua kwamba kampuni ya simu imewatendea wema. Wakavaa sare, wakajaza maharage na ndizi kwenye kikapu cha kusuka, wakaenda duka letu la katikati ya mji wakiongozwa na shangazi yangu. Wakaimba pale mbele ya kaunta. Kisha shangazi akatoa hotuba, akasema kampuni nyingine zinawauzia watu simu za kuchekea tu, lakini hii imekumbuka kwamba watu wanakufa na wanatakiwa kuzikwa na watu wao, ikawawekea redio.

Wafanyakazi wa duka walirekodi, maana ilikuwa ya kupendeza. Video ikafika kwa mkurugenzi kabla kikapu hakijafunguliwa. Aliniita, akanionyesha, akacheka mpaka mwisho. Halafu akauliza:

«Redio gani?»

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mkurugenzi wetu si mtu mbaya. Alisikiliza nilipomweleza, akakuna shingo, akasema angeweza kunyamaza, ila video imekwishapelekwa makao makuu na mtu wa matangazo, aliyedhani ni sifa. Makao makuu, katika nchi ambayo shangazi hajawahi kuikanyaga, hawakuona sifa. Waliona programu yao ya mega ikirukwa. Wakaandika kiwandani. Mhandisi akaniandikia mstari mmoja kwamba mteja ameomba ukurasa wa majaribio ufungwe kwenye simu zote zilizokwishauzwa, na kwamba anasikitika. Mteja, kwake, ni sisi. Shangazi yangu hakuwa mteja wa mtu yeyote.

Niliambiwa sasisho la kuufunga litatumwa mwisho wa mwezi, baada ya mimi kulijaribu. Nikahesabu kwamba nina muda. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani wakati huo, na kutoka kwangu Kinanira mpaka Kamenge, kutoka ncha moja ya mji mpaka nyingine, ilikuwa safari ya kuomba Mungu. Nikapiga simu.

«Masenge, simu ikikuuliza kitu chochote, sema apana.»

«Mi nasemaka apana kwa kila kitu inaniuliza,» akanitoa wasiwasi.

Simu haikumuuliza. Makao makuu waliona hakuna haja ya kusubiri jaribio langu, wakalituma mapema, na kwa namna ile ambayo mwenye simu haombwi ruhusa. Nilikuja kulijua baadaye, kwa barua pepe ya kutoa taarifa, yenye salamu nzuri juu na chini.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye gari la kampuni, tunakwenda kukagua duka letu jipya upande wa kaskazini. Dereva wetu hawezi kuendesha bila redio. Matangazo ya vifo yalikuwa yanasomwa, nami nilikuwa natazama nje, nimechoka na siku kabla haijaanza, mpaka nikasikia jina la mlima ule wa babu. Kisha jina la dada mkubwa. Alikuwa amefariki jana yake, anazikwa leo mchana. Niliipandisha sauti mwenyewe. Orodha ikaanza. Wajulishwe watoto wake walio mlimani, kaka yake aliye Gitega, na dada yake mdogo aliye Kamenge, Bujumbura. Kisha likasomwa jina la shangazi, lote, la ubatizo na la Kirundi, jina ambalo Kamenge nzima hakuna anayelijua, maana huko anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alisomwa baada ya kaka, kabla ya wakwe wote. Neno mdogo lilikuwemo.

Nililia, na nilijua nalia kwa furaha. Dereva akapunguza mwendo, akasema pole sana Madame, nami sikuweza kumweleza. Nilimwomba anipeleke Kamenge. Nilikuwa na hakika kwamba shangazi amekwishasikia tangu jioni, kwamba nitakuta mikeka imetandikwa na wamama wa kwaya wamejaa, na yeye katikati yao, amefiwa na dada lakini amepata alichokingoja tangu usichana wake. Nilitaka kuwa pale. Sijawahi kutaka kufika kwenye kilio kwa hamu namna ile.

Nilimkuta peke yake. Amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo, anavumisha wimbo puani.

«Eh! Karibu mwana wangu! Leo kazi hakuna?»

Nilisimama mlangoni. Nilielewa kwamba hajasikia.

«Njo ukae,» akasema. «Na ni vizuri umekuja, uniangalilie hii simu yako. Redio imenyamaza tangu juzi. Napiga zile namba, inakataa. Nikasema labda ni réseau imekatika, sikutaka kukusumbua. Hata ya jirani inakataa.»

Nikachukua simu. Nikapiga tarakimu mbele yake, na skrini ikarudi mwanzo kana kwamba sijagusa kitu. Nikapiga tena. Kichwani nilikuwa nahesabu: tangazo limesomwa jana jioni, limesomwa asubuhi hii, na maziko ni mchana huu. Halitasomwa tena. Nilihisi hasira iliyokuwa haina mtu wa kumwangukia, kwa sababu mhandisi alikuwa ametii, mkurugenzi alikuwa ametii, na mimi nilikuwa nimesimama pale na fulana ya kampuni.

Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaweka simu pembeni. Mtu akikaa chini bila kukaribishwa mara ya pili, mtu mzima anaelewa. Shangazi aliacha maharage.

«Ni nani?» akauliza. Kisha akasema mwenyewe: «Ni dada.»

Nikaitikia kwa kichwa. Alilia bila kelele, mikono imebaki ndani ya ungo. Nilimshika magoti. Jirani akaja, kisha wengine, mikeka ikatandikwa kweli, na mtu akaondoa yale maharage. Alipotulia kidogo, aliniinamia sikioni ili wengine wasisikie.

«Walitangaza?»

«Walitangaza, Masenge. Nimesikia mwenyewe kwenye gari.»

Nilimwona anatafuta namna ya kuuliza na hataki kuuliza, kwa hiyo sikumngoja.

«Walikusoma,» nikasema. «Walikusoma jina lote. Baada ya kaka aliye Gitega, kabla ya wakwe. Walisema dada yake mdogo aliye Kamenge.»

Alinitazama. Nilikuwa naingoja furaha ije usoni mwake, nami tayari nimeanza kutabasamu. Badala yake akanipapasa mkono, pole pole, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mtoto na homa.

«Asante mwana wangu,» akasema. «Uko na moyo muzuri.»

«Masenge, ni kweli.»

«Najua. Mutu akileta msiba anaongezaka sukari kidogo. Hata mi nilifanya vile. Ule mama wa hapa nyuma, bwana yake alikufa hospitali, mi njo nilienda kumwambia. Nikamwambia bwana alikuita mbele ya kufa. Hakumuita. Alikufa na usingizi. Lakini mpaka leo ule mama anaishi na lile neno.» Akafuta macho na ncha ya kitenge. «Njo huruma. Siyo zambi.»

«Naapa kwa Mungu, walisoma.»

«Apana. Usiape,» akasema kwa ukali mara moja. «Kwa kitu kama hiki usiape.»

Nikatoka nje kumtafuta dereva, aje aseme. Alikuja, akavua kofia, akasema ni kweli mama, tangazo lilisomwa, walitajwa watu wengi. Jina gani? Hakukumbuka. Kwake yalikuwa majina ya watu. Shangazi alimshukuru naye, akamwambia jirani ampe chai, akatazama upande wangu kwa huruma, kama mtu anayeona mtoto wake amemwingiza na mwenzake kwenye uongo.

Dereva alitupeleka mlimani siku hiyo hiyo, kwa mafuta ya kampuni, bila kumuuliza mtu. Tulifika kaburi limekwishafunikwa na maua ya bustani yamewekwa juu. Watoto wa marehemu walimpokea shangazi kwa mikono miwili, wakamkalisha na wanawake wa nyumba. Nilimtazama, nikitumaini. Lakini kwenye msiba kila anayekuja anapokewa kwa mikono miwili, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote Kamenge. Hakuuliza, wala hakuna aliyelitaja, kwa sababu kwao halikuwa jambo. Walikuwa wamemwandika kwa sababu ndiye dada wa mama yao, basi. Nilikaribia kumvuta mmoja wao pembeni nimwombe amwambie. Nikaona ningemwonyesha kwamba shangazi ameishi maisha yote akiwatilia shaka. La kuvunda halina ubani. Nikala nilichopewa, tukarudi giza likiingia.

Bado nafanya kazi palepale. Nina umri usiofaa kuanza upya, na mezani kwangu kuna simu nyingine sasa, nzuri kuliko ile, na barua ya mambo ya kuzima ndani yake. Mhandisi bado anaitikia sawa, Madame. Nilimnunulia shangazi redio nyingine, na safari hii hajaigawa. Anasikiliza majina ya watu wengine kila jioni, na kilio hakimkosi.

Ila mara nyingine ninapokwenda kumwona, tukiwa wawili tu na chai imemiminwa, ananiambia bila kunitazama: «Hebu sema tena. Walisema namna gani?» Nami namsomea. Naanza na mlima, kisha watoto, kisha kaka aliye Gitega, kisha yeye, jina lake lote, kabla ya wakwe. Anasikiliza ameinamisha kichwa, midomo yake inafuata, na nikimaliza ananishukuru. Mara ya mwisho nilijisikia nikisoma, na sauti yangu ilikuwa imelainika, nimejifunza mahali pa kutua na mahali pa kupandisha. Nikaogopa, kwa sababu hata masikioni mwangu yalikuwa yameanza kusikika kama maneno niliyomtungia.